Besi Ilijificha Chini ya Mtandio

Saa kumi alasiri, na ukumbi wa harusi hapa Bondeni umeshajaa. Mabuibui yamevuliwa, asumini zanukia, na mwanamume hata wa dawa hayumo. Nyuma ya mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti, ameketi Duha Nasser, kichwa wazi, hedifoni kubwa nyeusi masikioni. Anaipandisha sauti ya ngoma ya dumbaki kidogo tu. Ukumbi mzima unainuka kucheza.

Nilikuwepo, na miguu bado yaniuma.

Miaka yote ukoo wa Bi Hafswa, mama wa bibi harusi, umekuwa ukikodi fundi wa sauti mwanamume na kumketisha nyuma ya pazia. Wanawake wa upande ule hujitanda tena, raha ikakatika. Safari hii Bi Hafswa alikubali kumjaribu Duha, kwa sharti moja: waimbaji wakilalamika mazoezini, pazia linarudi.

Na walilalamika. Mpiga kinanda siku hiyo alikuwa mwanamume, kwa hiyo Duha alivaa hedifoni juu ya mtandio. Hakusikia besi, zile sauti nzito za chini, akaiongeza. Hakusikia bado, akaongeza tena. Kumbe kwenye spika yanguruma, na sauti ya mwimbaji, Bi Mejumaa, imezama.

“Mwanangu,” Bi Mejumaa akamuuliza, “watuimbisha ndani ya pipa?”

Duha alirudi kwao Ganjoni akiwa amezikasirikia hedifoni zenyewe, mtumba wa bei kali alioletewa na binamu yake Yazid kutoka Dubai. “Niliona nimeuziwa jina tupu,” asema. Akavua mtandio, akazivaa mara ya mwisho kusikiliza rekodi ya mazoezi kabla ya kumrudishia mwenyewe.

“Dumbaki ikanipiga hapa,” asema, akijigusa kifua.

Hedifoni za aina hii zimefungwa nyuma, na mito yake ya masikioni lazima igande kwenye ngozi. Kitambaa na pini vilikuwa vikiivujisha besi yote.

Sasa haachi kuzisifu. Besi ni nzito lakini haina matope. Kwenye udi wasikia mpaka kucha ikigusa uzi, na kabla ya ubeti wasikia Bi Mejumaa akivuta pumzi. Ila kinanda kikipanda juu sana, akiri, sauti huwa kali na humchoma sikio.

Alimweleza Bi Hafswa kisa chote, naye akacheka mpaka akaketi. Bi Mejumaa alikubali kujaribu tena, akionya kwamba akizamishwa atarusha maiki.

Hajarusha. Ubeti wa mwisho umepokewa kwa vigelegele, na Bi Hafswa amekuja mwenyewe mpaka kwenye mikisa.

“Lile pazia,” amwambia Duha, “nitalishona mito.”

Mpango wa Duha sasa ni studio ya wanawake kule Ganjoni. “Chumba kidogo tu, mlango ufungike, waimbe kwa raha zao na wazisikie sauti zao zilivyo.”

Wa kwanza kuisikia yake ni Bi Mejumaa. Amevishwa hedifoni ukumbini, akachezewa rekodi ya ubeti wake, akafumba macho, akatuashiria tunyamaze. Nilipoondoka, alikuwa bado hajakubali kuzivua.