Pembe ya Mkwe

Wewe ukivunjwa jino kwenye ugomvi wa sokoni, watoto utakaowazaa baadaye watazaliwa vibogoyo? Jibu moyoni, kisha uniambie kwa nini kikundi kizima cha watu wazima wa Matinyani, watu wanaosali na kusomesha watoto, kilitaka kumpeleka beberu mzima buchani kwa sababu ya pembe moja.

Beberu huyo anaitwa Mkwe. Ni mbuzi wa aina ya Galla, mweupe, mrefu, mali ya kikundi chetu cha mbuzi. Jina alilipata kwa sababu huzunguka boma hadi boma, na kila anapoingia anapokewa vizuri kuliko mkwe wa kweli.

Anayemtunza ni Katunge, mjane wa miaka hamsini na kitu ambaye wengi tunamwita Mama Kiema. Wanaume walisema beberu si kazi ya mwanamke, halafu kila mmoja akatafuta sababu ya kutomchukua. Katunge akashika kamba akaenda naye kwake. Msimu wa kupandisha ukianza, beberu hujikojolea ndevu, na harufu yake hushika nguo za mtunzaji hata zifuliwe mara mbili. Kanisani, Wavinya jirani yake humsongelea kwenye benchi na kumnong'oneza, "Mama Kiema, leo umekuja na bwana?"

"Nimemwacha nyumbani anachana ndevu," Katunge hujibu, bila kugeuza shingo.

Ukame ulipotubana, alishuka bondeni kila asubuhi kuokota maganda ya migunga, na Mkwe alikula kabla ya mbuzi wa Katunge mwenyewe. Wawili wa kwake walikufa. Sijawahi kumsikia akilitaja jambo hilo kwenye mkutano.

Sisi hupandisha mwezi wa sita ili watoto wazaliwe mwezi wa kumi na moja, mvua inapoleta majani na maziwa ya mama. Ukikosa miezi hiyo, utazalisha kiangazi, na kiangazi hakimwonei huruma mtoto wa mbuzi. Kwa hiyo msimu ulipoanza mwaka huu, Mkwe alipelekwa kwanza kwa Nyamai, mwenyekiti wetu. Akarudishwa akiwa na damu usoni. Pembe ya kulia haikuwepo. Palibaki kisiki cha mfupa, chekundu na laini, na nzi tayari wamejua njia.

Katunge aliniita kwa sababu nilisomea mifugo chuoni. Tuliosha kidonda kwa maji ya uvuguvugu na chumvi, tukapaka dawa, tukafunga kwa kipande cha leso yake. Chini ya damu mpya nilikuta usaha wa zamani. Pembe si kijiti kilichochomekwa kichwani. Ndani ina mfupa hai na damu, na nje imevaa ganda. Sisi hapa humfunga beberu kamba kwenye pembe, kwa kuwa tunaogopa kitanzi cha shingoni kitamnyonga. Huo ndio utaratibu wetu, na ni mbaya! Siku nzima anavuta, ganda linalegea, uchafu unaingia. Kisha msimu unaanza, damu inamchemka, anataka kupigana na kila dume anayemwona, na kama hakuna dume anapiga mti. Pembe iliyokwisha kulegea itasimamaje? Ndiyo maana huanguka mwanzoni mwa msimu, hasira zikiwa bado mbichi.

Alasiri ya siku ya pili kikundi kilikutana uani kwa Katunge. Nyamai hakukaa.

"Tumwite Bilal aje amchukue kesho," alisema. Bilal ni mfanyabiashara anayenunua mbuzi wa kuchinja. "Beberu wa pembe moja atatuzalia watoto wa pembe moja. Na dume akiangusha pembe, nguvu imemtoka. Hata majike hawatamtaka."

Nilisimama nikaeleza habari ya kamba, na kwamba mkanda mpana wa shingo haumnyongi mbuzi, labda kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Nyamai akaniangalia kutoka viatuni hadi kichwani.

"Wewe kijana, huko chuoni ulisomea mbuzi au ulisomea kamba?"

Watu wakacheka. Wavinya akasema, "Lakini mwenyekiti, wewe nawe meno ya mbele ulishayaacha kwa mpira wa shule, na watoto wako wanatafuna mahindi vizuri tu."

Wakacheka zaidi, ila kicheko hakikubadilisha kura. Mikono mingi ilienda juu kwa Nyamai. Watu waliokosa mvua misimu miwili huogopa kila dalili, hilo nalielewa. Sielewi kwa nini hofu yetu lazima kila mara iishie kisuni.

Katunge aliinuka, akaenda akasimama mbele ya lango la zizi.

"Nimewasikia," alisema. "Bilal akija, atanikuta hapa. Mkwe akiondoka, mwezi wa kumi na moja mtakuwa na pembe ngapi? Hakuna hata moja. Hakuna mtoto."

"Mama Kiema, kura ni kura," Nyamai akasema.

"Na lango ni lango, mwenyekiti."

Waliondoka wakinung'unika. Nilimwambia nitarudi mapema, nisimwache peke yake na wanunuzi.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta amesimama palepale, shuka mabegani. Pikipiki ya Bilal ilikuwa imeegeshwa njiani, naye Bilal amekaa juu yake akingoja mwenyekiti, hana haraka wala ugomvi. "Mama, mimi nimeitwa tu," alikuwa anamwambia.

Kabla hajajibiwa tulisikia mlio wa jike kutoka upande wa kwa Nyamai. Alitokea kwenye ua akikimbia, mkia unapepea, kamba na kigingi vinaruka nyuma yake kwenye mawe. Alikuja moja kwa moja hadi langoni, akaanza kulisukuma kwa paji. Ndani, Mkwe aliinua mdomo juu, leso kichwani, akanguruma.

Nyamai alifika akihema, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Mshike! Mshike!"

Katunge hakumshika. Alifungua lango, jike akaingia, akalifunga. Hawakuchumbiana. Mkwe alimzunguka mara moja, akampanda, akashuka, akasimama akimlamba sikio.

Nyamai aliegemea nguzo ya zizi akavaa kiatu chake polepole. Kisha, bila kumtazama yeyote, akamwambia Bilal, "Nenda tu. Na ukifika sokoni, uniulizie bei ya mkanda wa shingo."