Kifungo cha Sare ya Kwaya

Mke wa seremala alishona sare ishirini na nne za kwaya akiwa na mimba ya miezi saba. Miguu ilimvimba hadi viatu vikamkataa. Nesi alimwambia alale, lakini kila alipotaka kunyanyuka kwenye cherehani, mwanakwaya mwingine aliingia na kitambaa.

"Fundi wetu, wewe ni chuma!" walimtania.

Naye alicheka. "Nitapumzika Krismasi ikipita."

Mtoto hakungoja Krismasi. Alizaliwa kimya, wakamzika siku nne kabla ya sikukuu.

Asubuhi ya Krismasi, mama mchungaji alipita kumwona kabla ya ibada. Alimkuta ameketi kitandani, gauni limelowa kifuani kwa maziwa yasiyo na wa kuyanyonya.

"Mama, Mungu ameniadhibu?"

"Mungu hakukuomba sare, mwanangu. Tuliokuomba ni sisi." Mama mchungaji alipojifuta machozi kwa mkono wa sare yake mpya ya kwaya, fundi aliona kifungo kinaning'inia. Vidole vyake vikaenda vyenyewe kwenye kopo la sindano.

Mama mchungaji alivishika. "Acha. Nitavaa hivi hivi."

"Watu watasema sijui kazi."

"Waache waseme."

Alimlaza, akamfunika, akakaa pembeni yake. Kengele ya ibada ililia, naye hakuondoka. Kwaya ilipoanza kuimba kule kanisani, fundi aligeukia ukutani, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu maziko.