Siku Mjumbe Aliponiambia Hanijui

Mwanangu, kuna uongo nimeusimulia kwa zaidi ya miaka ishirini, harusini, kazini, hata mbele ya watoto wangu. Nimekuwa nikisema kwamba nilipomaliza chuo kikuu, mjumbe wa mtaa wetu kule Tandika alininyima barua kwa sababu alikuwa na kijicho na wasomi. Watu walicheka, nami kila mwaka nikazidi kuutia chumvi. Leo naungama. Mjumbe huyo, Mzee Sefu, hakuwa na kijicho na mtu. Aliniambia hanijui, na kweli alikuwa hanijui.

Naikumbuka Jumanne ile kama ya juzi. Nilikuwa nimepanga chumba kwa Mama Zuhura, nyumba ya tatu kutoka kwa mjumbe, na mwaka mzima ulikuwa umepita. Nilikuwa nimepata kazi yangu ya kwanza, kusahihisha miswada katika ofisi moja ya vitabu mjini. Walichotaka ni barua ya utambulisho kutoka mtaani, iwafikie Jumatatu, la sivyo nafasi ingekwenda kwa aliyenifuatia kwenye usaili. Na mwenyekiti wa mtaa hagongi muhuri mpaka mjumbe aandike kwanza. Nikavaa sketi yangu ya usaili, nikabeba bahasha ya vyeti, nikaenda.

Mzee Sefu alikuwa amekaa barazani, simu ikining'inia shingoni kwa kamba, kama ulivyokuwa mtindo wa siku zile. Shikamoo niliisahau, nilianza na vyeti. Barua nilikuwa nimeshaichapa mwenyewe, imebaki saini yake tu. Aliisoma taratibu, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Hapa umeniandikia 'namfahamu vizuri'. Mie nakufahamu wapi?"

Nikamwambia nakaa kwa Mama Zuhura, tena nina digrii.

"Hongera, binti. Mwezi uliopita, siku namtoa mke wangu kwenda kumzika, ulipita katikati ya turubai ukiomba njia, unawahi. Nikauliza, huyu nani? Hakuna aliyejua hata jina lako."

Akanirudishia karatasi yangu. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Usidhani sikulelewa. Kwetu Songea ningetupa kila kitu nikaenda kuchota maji msibani. Lakini nilikuwa nimejiaminisha kwamba mjini kila mtu na lake, nisijue kwamba mjini ndiko wanakokumbuka nani alifika na nani hakufika. Asiyejua maana haambiwi maana, ila mimi maana nilikuwa naijua. Nilikuwa nimeiacha stendi ya Songea.

Nilikwenda kulia kwa Mama Zuhura, nikitegemea huruma. Sikuipata. Aliniambia Alhamisi ni arobaini ya marehemu, niende nikafanye kazi, barua niiache nyumbani. Niliiacha kweli. Ila nisije nikaungama uongo mmoja nikazua wa pili: moyoni niliibeba.

Wanawake wa mtaa wakanipa ungo nipepete mchele. Nusu ulikwenda chini.

"Msomi," akasema mama mmoja mnene bila kuinua macho, "kuku wa Mzee Sefu watakuombea dua leo."

Wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Nikahamishiwa kwenye vitunguu, na huko ndiko nilikojua kwamba marehemu aliitwa Bi Chausiku, na kwamba ndiye aliyekuwa akinianulia nguo mvua ikinikuta chuoni. Mwaka mzima nilidhani ni Mama Zuhura. Machozi yalinitoka, na nilishukuru kuwa na vitunguu vya kusingizia.

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Dua ilipokwisha nilimfuata Mzee Sefu, nikachutama.

"Shikamoo, baba. Siku ile niliona kabisa kwamba ni msiba. Nikapita."

"Marahaba," akasema. "Keti ule."

Barua sikuitaja. Ijumaa aliniita mwenyewe niilete. Akakata neno 'vizuri' kwa kalamu ya bluu, akasaini, akaongeza namba yake ya simu pembeni. Wakitaka zaidi wapige, alisema; atawaambia anachokijua, haongezi wala hapunguzi. Hebu fikiria, mwanangu: nimekwenda kuomba kazi ya kusahihisha nikiwa na barua iliyokatwa kalamu.

Unataka kujua kama kazi niliipata. Subiri. Nikikwambia sasa hivi utaikunja karatasi hii kabla hujasikia nasaha, nami nilikuwa kijana, nazijua hila zenu.

Umemaliza chuo, hongera. Ukihamia mtaa mpya, iwe Kinondoni, iwe Pugu, kabla hujatundika pazia kamsalimie mjumbe, na majirani wa kulia na kushoto. Taja jina lako na kwenu. Ukiona turubai, simama uulize. Kama unawahi, wahi, lakini jioni rudi ukakae mkekani hata nusu saa. Usisubiri shida ndiyo ikufundishe njia ya kwa jirani. Na ukikosea, nenda ukaseme mwenyewe, kabla hujawa na miaka hamsini na hadithi tamu ya kumsingizia marehemu. Maana Mzee Sefu naye ameshatangulia, na hii ndiyo barua niliyokuwa na deni la kumwandikia.

Mungu akufungulie riziki ya halali, akupe majirani watakaokuanulia nguo, nawe ukayajue majina yao wangali hai.

Haya, simu. Ilikuwa Jumatano iliyofuata, asubuhi, nimepita barazani kumwamkia, ikalia shingoni mwake. Nikamsikia akijitambulisha, kisha akasikiliza, akinikodolea macho.

"Ndiyo, namfahamu," akasema. "Tangu Alhamisi."

Upande wa pili wakauliza kitu kirefu.

"Hapana, tabia zake zote sizijui. Ninachojua, alikosea, akaja mwenyewe kusema amekosea, na mie nilikuwa sijamuuliza. Hao wengine mlionao, hilo wanaliweza?"

Akasikiliza tena. Kisha akaivua ile kamba shingoni, akanivisha mimi.

"Ongea nao. Wanauliza unaanza lini."