Kaswera anafua kanzu za ubatizo, zamu yake bado

Jumamosi asubuhi, ukungu haujaondoka juu ya mto Nyamukau, na Kaswera ameshatua karai lake kwenye jiwe. Anakaza kitenge kiunoni, anaingia majini mpaka chini ya magoti. Ndani ya karai kuna kanzu nyeupe ishirini na mbili. Kesho watu wa kanisa lake la mtaa wa Lumumba watazivaa kubatizwa katika mto huu huu, juu kidogo, mahali wanapoziba maji kwa mawe na migomba mpaka yafike kiunoni.

Anaanza na kola. “Jasho ya woga inashikaka hapa,” anasema, akijigusa shingoni. “Mutu anangoja maji ya baridi, lakini anatoka jasho kama mwenye kulima.”

Kaswera ana miaka arobaini na moja, na kufua ndiyo kazi inayolisha nyumba yake. Siku za juma anafua mashati ya walimu na mashuka ya wafanyabiashara. Kanzu za kanisa analipwa kwa sabuni. Inayobaki inafua nguo za nyumbani. Mvua ikikata barabara ya Butembo, sabuni inapotea sokoni, naye anasugua kwa majani ya mpapai.

Amezifua kanzu hizi tangu 1976. Watu wengi wa Lumumba wamezama na kuinuka wakiwa wamevaa kazi ya mikono yake. Yeye mwenyewe hajabatizwa.

Sababu yake mtaa wote unaijua. Alitoka Lubero akiwa msichana, akaolewa na Anaclet, dereva wa lori katika migodi ya dhahabu ya Kilo. Anaclet alikuwa tayari na mke, Joséphine. Kwa kanuni ya kanisa lao, mke wa kwanza anabatizwa. Wa pili anaimba, anasali, anatoa sadaka, lakini maji na meza ya Bwana vinamngoja mpaka aachane na mume, au mume afe.

“Banilieleza muzuri,” anasema Kaswera. “Sikukasirika. Ile kanuni nilikuta iko pale.”

Mwaka 1979 aliamua kuachana na Anaclet. Alipanga chumba kidogo, akahamisha vyungu vyake, na wazee wa kanisa wakamwandikia siku ya kubatizwa. Kabla ya siku hiyo, Anaclet alianguka uani. Upande mzima wa kulia wa mwili wake ukafa, akawa wa kulala tu. Kaswera alirudi kusaidia juma moja. Leo ni 1984 na bado yupo.

Joséphine, mwenye mgongo usioweza kuinua hata ndoo, hana maneno mengi juu ya hilo. “Banakuja kuniuliza kama sisikiange wivu,” anasema. “Nabauliza: weye utakuja kumugeuza muzee asubuhi na muchana? Banakamata njia.”

Pasaka ya mwaka jana ndipo watu walipoanza kumtazama Kaswera kwa jicho lingine.

Pasta wao alikuwa mgonjwa, akaja mgeni, Pasta Mathieu kutoka Iga Barrière. Kaswera alikuwa ndani ya maji kama kawaida, ameshika kitenge cha kuwafunika wanawake wanapoinuka, maana kanzu ikilowa inanata mwilini. Ili asiharibu gauni lake moja zuri, alikuwa amevaa kanzu ya zamani, iliyochanika pindo.

Pasta akageuka, akaona mama amesimama majini amevaa nyeupe. Akamshika kifundo cha mkono, mkono mwingine akauweka mgongoni.

“Mama, jina lako ni nani?”

Mzee wa kanisa Ambroise, anayeijua kanuni kuliko wote, alipiga hatua moja kuelekea maji, akasimama. Jirani yake Kaswera, Scholastique, ndiye aliyenong'ona kutoka ukingoni: “Itika tu, dada. Nani atakuuliza?”

Kaswera alihisi kiganja cha pasta kikimwinamisha nyuma. Miaka saba alikuwa amewatazama wengine wakiinamishwa hivyo.

“Bado, Pasta,” akasema. “Miye niko wa nguo.”

Pasta akamwachia. Kaswera akakunjua kitenge, akamngoja mwanamke aliyefuata.

Scholastique hajamsamehe mpaka leo. “Mungu alikufungulia mulango, weye ukarudisha,” anamwambia kila wanapokutana mtoni.

“Haikukuwa Mungu. Ilikuwa mugeni,” anajibu Kaswera. Kisha, taratibu zaidi: “Ningetoka mule mu maji nikarudia nyumba ya Anaclet. Kanzu ningeitoa matope. Na ule uongo, ningeufua na sabuni gani?”

Kaswera haupunguzii ubatizo thamani. Wala hauoni kama dawa. “Kuna mutu nilifua kanzu yake Jumamosi, Jumatatu anatukanana na mwenzake kwa kisima. Kanzu ilikuwa safi kabisa.” Anakamua nguo, anafikiri. “Lakini pengine bila ile maji angemupiga.”

Baada ya Pasaka ile wazee walikaa wakazungumza. Kanuni haikubadilika. Walichobadilisha ni kimoja: Kaswera amerudishwa katika darasa la mafundisho ya ubatizo, anakaa benchi la mbele kila Jumatano. “Hatukumupa maji,” anasema Ambroise. “Tulimupa kiti. Hatukukuwa na kingine.”

Kufikia adhuhuri kanzu zote, zilizotandazwa majanini, zimekauka. Kaswera anazikunja, tayari kwa pasi ya makaa. Mpango wake wa mwaka huu ni kuomba kikundi cha akina mama kitambaa cha kanzu moja ndefu, maana kati ya hizi ishirini na mbili hakuna inayofika vifundoni mwa miguu ya mtu mrefu kama yeye.

“Barefu bengi banakuja,” anaeleza.

“Barefu gani?” anacheka Scholastique. “Na weye, haumwombake Mungu siku yako ifike?”

Kaswera anaweka kanzu ya mwisho juu ya karai, anaipapasa isiwe na kunyanzi.

“Siku yangu iko nyuma ya kifo ya Anaclet,” anasema. “Nikiomba ifike mbio, yeye ninamuombea nini? Ile siku ninamwachia Mungu. Miye ninaombaka sabuni.”

Anajitwika karai, anapanda kwenda nyumbani. Saa ya kumgeuza mzee imefika.