Imebaki Vifungo Tu

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na kila mteja wake ameikariri sentensi moja: "Imebaki vifungo tu." Nenda Jumatatu, vimebaki vifungo. Rudi mwezi ujao, bado vimebaki, ingawa ulipeleka suruali ya zipu. Si mwongo, ila hatulii. Akishona mkono wa blauzi hii, roho yake iko kwenye kola ya ile. Hata mezani mguu wake unakanyaga pedali isiyokuwepo mpaka vikombe vinacheza.

Daktari alimshauri afanye mazoezi. Mtu mwingine angetembea. Yeye akajiandikisha triathloni: unaogelea, unaendesha baiskeli, unamalizia kwa kukimbia, bila kupumzika. Michezo mitatu kwa mtu asiyemaliza hata mkono wa blauzi! Mara ya kwanza waokoaji walimtoa bwawani kama furushi la nguo. Mara ya pili alifika mwisho akakuta muda umekwisha na utepe unakunjwa. Mtaa ukambatiza Vifungo.

"Wifi, safari hii umalize au uuze hiyo baiskeli," mama yangu alimwambia. "Na gauni langu liko kwako tangu sijanenepa."

"Safari hii naingia kabla hawajafunga. Nisipoingia, msiniite fundi tena."

Hakucheka. Mimi ninayecheka msibani nikaenda kuijaza upepo baiskeli yake.

Akajishonea vazi la kubana, la michezo yote mitatu. Siku ya mashindano aliogelea vizuri kabisa, akatoka majini mbio. Mama akapiga yowe kutoka kwenye uzio: "Wifi, ubavu! Ubavu uko wazi!"

Mshono ulikuwa umeachia kuanzia kwapani mpaka kiunoni. Alikuwa ameupiga bandi tu, zile nyuzi ndefu za kushikiza kitambaa kisubiri cherehani. Kinasubiri mpaka leo.

"Nilikuwa naenda kuumalizia!" alifoka.

"Vilibaki vifungo?" nikauliza. Kiatu kikapita jirani na sikio langu, akalazimika kukifuata.

Akachomoa pini zilizoshika namba kwenye mkanda alioutundika kwenye baiskeli, akaubana ubavu haraka kama anayempima bibi harusi.

"Mama, bila namba unatolewa," mwamuzi akamwonya.

Akaiuma namba kwa meno, akavaa helmeti, huyo akaondoka.

Tulimsubiri mwishoni, mama akiizungusha pete kidoleni. Wenye misuli walishaingia, wakanywa maji, wakapiga picha. Hatimaye akatokea kwenye kona akichechemea, pini zikimetameta, karatasi ikipepea mdomoni. Jamaa aliyeshika saa ya mashindano akaanza kufungua ncha moja ya utepe.

"Kaka, ngoja, yule pale!" mama akamsihi.

"Saa haina wifi, mama."

Namba ilimziba shangazi mdomo. Kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na maneno ya kumtuliza mtu, alikuwa na miguu tu. Akanguruma, akaongeza mwendo, akapita, akaanguka mikononi mwa mama. Mama akamtoa namba mdomoni.

"Wamefunga?" shangazi akauliza.

Jamaa akaitazama saa, kisha akamtazama yeye. "Umewahi."

Shangazi alimwomba arudie. Akarudia. Nadhani hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo. Akaketi chini, akafuta macho kwa namba iliyolowa mate.

"Hongera, fundi," mama akasema. "Sasa gauni langu?"

Lakini mguu wa shangazi ulishaanza kukanyaga pedali isiyokuwepo.

"Kaka," shangazi akamgeukia jamaa wa saa, "zile triathloni ndefu zaidi ya hii, mnaandikisha lini?"