Koti la Uzi wa Kijani

Nicheke ukitaka. Wengi wamenicheka, na chai yangu wakanywa. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa hapa Majengo, mwanzo wa miaka ya themanini, nikiwa na akili zangu timamu. Wallahi leo sitii chumvi. Chumvi niliitia wakati ule, na ndiyo iliyoniponza.

Mimi ni fundi cherehani. Sasa nikuulize, fundi humtazama mteja wapi? Usoni? Thubutu! Sisi tunatazama mabega, kiuno, mshono uliofumuka. Mtu akinipita njiani huitambua suruali yake kabla sijamtambua mwenyewe. Liweke hilo moyoni, utalihitaji.

Nilikuwa na jirani kijana, Njoroge, akiishi na mama yake nyumba ya pili kutoka kwangu. Kila alfajiri alikwenda kwa miguu mpaka kwenye viwanda, akasimama langoni kungoja kibarua. Alikuwa na koti moja tu, la kahawia, mfuko wa kushoto umechanika, akaniletea nilitie kiraka. Uzi wa kahawia ulikuwa umeniishia, na mimi mvivu wa kutoka, nikashona kwa uzi wa kijani. Alipoliona alishika kichwa. "Ai, fundi! Hii uzi yako inaonekana mpaka Mukuru!" Nikamwambia avae tu aende zake, nani ana kazi ya kumtazama mfukoni.

Wiki haikuisha. Jioni moja, maghribi imeshaswaliwa, stima zikapotea mtaa mzima. Mimi napita kichochoro cha nyuma ya nyumba ya Mama Rukia, yule muuza mahamri, suti ya mteja nimeitundika begani. Nikasikia ukelele ndani. Mlango ukafunguka kwa kishindo, mtu akatoka, akasimama mbele yangu karibu anikanyage. Nikawasha kiberiti. Nikaona kisu. Nikaona koti la kahawia, kiraka, na uzi wangu wa kijani. Njiti ikazima, naye akapotea gizani.

Ni hayo tu niliyoyaona.

Mama Rukia alikuwa amekatwa mkono na bangili zake zimekwenda. Mwenyewe alisema hakuona ila giza. Watu wakaja na makoroboi, wakanizunguka. "Fundi, ulimwona? Nani?" Nikasema, "Ni kama Njoroge." Nisikilize vizuri, nilisema kama! Basi, nani alingoja? Walimtoa nyumbani akiwa anakula, wakampiga mpaka polisi walipokuja kumchukua, na mimi nimesimama pale natazama.

Kulipokucha, lile neno "kama" lilikuwa limeshakwisha. Usingizi sikuupata hata lepe kwa hofu. Barazani kila mtu anataka asimuliwe, na mimi nikisimulia ndipo ninapotulia kidogo. Lakini kila nikisimulia, picha inazidi kung'aa. Mara Njoroge amenitazama. Mara amenikenulia. Mara namwona na jino la mbele limevunjika. Polisi wakanipangia wanaume wanane mstarini, nikamgusa Njoroge bega bila kusita. Kortini nikaapa, nikataja mpaka jino. Sikuwa nikidanganya, nielewe! Nililiona jino lile wazi kama ninavyoiona sindano hii mkononi. Akafungwa miaka mitatu.

Jioni ya siku ya hukumu mama yake akaja kibarazani kwangu, pale ninaposhonea. Nikamkaribisha kiti, akakataa.

"Fundi," akasema, "Njoroge alivunjwa jino na wale watu walikuja kumshika. Mbele ya hapo, meno yake yote yalikuwa mazima. Wewe jino limevunjika uliliona wapi huko kichochoroni?"

Nikajifanya natunga uzi sindanoni.

"Na ile koti aliuza sokoni Gikomba, hata siku tatu hakumaliza nayo. Vijana walikuwa wanamcheka juu ya uzi yako. Nilisema huko kortini, wakaniambia mama lazima atetee mtoto wake."

Unajua nilifanya nini? Nilimfukuza. Nilimpigia kelele mama wa watu mbele ya majirani, naye akajifunga kitambaa chake vizuri akaenda. Aibu ile ninayo mpaka leo.

Nikafunga cherehani, nikaingia kichochoroni kwenda nyumbani. Jua lilikuwa limezama, ila mwanga bado upo. Na yeye alikuwa amesimama palepale, mlangoni kwa Mama Rukia. Koti la kahawia. Kiraka. Uzi wa kijani. Macho yangu yalitaka yabaki pale mfukoni, naapa, yaling'ang'ania. Nikayalazimisha yapande. Nikaona kifungo, nikaona kola, nikaona shingo. Juu ya shingo hapakuwa na uso.

Usinitolee macho. Palikuwa na ngozi tupu, laini, kama kitambaa ambacho hakijakatwa. Nikaanza kutetemeka, na kadiri ninavyotetemeka ndivyo ile ngozi inavyojikunja. Pua ikatokeza, mdomo ukapasuka, akawa Njoroge, na jino limevunjika vilevile. Kwa woga nikamkumbuka marehemu kaka yangu. Papo hapo akawa kaka yangu! Hapo ndipo nilipojua sura zote zilikuwa zinatoka kwangu. Kisha akanena, kwa sauti ya upole kabisa, sauti ya mteja.

"Fundi, nirudishie ule uso wa kwanza. Ulinikaa vizuri."

Nilitoka mbio, kiatu kimoja nikakiacha huko. Sikurudi kukitafuta.

Asubuhi nilikuwa polisi mapema. Nikasema nataka kufuta ushahidi wangu, kijana wa watu hana hatia. Askari akaniuliza, "Kama si yeye, ulimwona nani?" Nikamweleza kama ninavyokueleza wewe. Walicheka mpaka wakaitana kutoka chumba cha pili, wakaniambia nikatafute maji ya kuoga, pombe initoke. Na hilo ndilo linaloniuma. Kama usiku ule wa kwanza ningesema, "Niliona koti, uso sikuuona," nani angenicheka? Maneno manne matano tu, na Njoroge angelala kwao.

Alimaliza miaka yote mitatu. Alipotoka alikuja moja kwa moja kibarazani, amekonda, shati linaning'inia. Nilidhani amekuja kunipiga, na ningemwacha anipige. Nikaanza kulia, nikamwomba msamaha mbele ya wateja.

"Msamaha sawa, fundi," akasema. "Lakini nitazame. Kweli kweli. Ukinitazama hivi, unaniona mimi, ama unaona yule?"

Nikamtazama. Nilijua kila kitu: jino, koti, Gikomba, ile ngozi tupu. Nilijua hakuwepo. Na bado, ndugu yangu, nilipomtazama nilimwona kichochoroni na kisu mkononi, ananikenulia. Picha haikutoka. Nikainamisha kichwa. Yeye akanielewa, akaenda zake. Baadaye nikasikia wamehamia Dandora yeye na mama yake, na hatujaonana tena.

Siku hizi mteja akija, namtazama usoni kwanza, tena namtazama mpaka anauliza, "Fundi, vipi?" Kichochoro kile sipiti, nazunguka. Nawe nakuomba, siku utakapoona jambo la kukutisha, na watu wakakuzunguka na taa wakitaka jina, waambie ulichokiona, kisha ufunge mdomo. Kama ni koti, sema koti. Wakikusukuma, sema tena koti. Yule wa kichochoroni bado anatembea mitaani humu, na uso hana mpaka apewe. Usimpe wa jirani yako.