Walikuwa Wanamtafuta Mama

Nimechoka na jina langu. Si kwamba ni baya, la. Nimechoka kulichunga tu, maana kila nikigeuka limeingia shamba la mtu.

Ninalo la ubatizo, ambalo nusu ya wanawake wa kanisa letu wanalo. Ninalo la nyanya, mama mzazi wa baba, nililopewa siku niliyozaliwa. Halafu kuna la mwanamume wa Embu aliyenioa. Hilo nililivaa siku ya harusi, na ndoa ilipokwisha nikarudi kwetu, hapa juu kidogo ya Nkubu, nikiwa na masanduku yangu na jina lake bado mgongoni.

Kwetu, ukipewa jina la mtu, wewe ndiye yeye. Baba hajawahi kuniita kwa jina, ananiita mama. Nilipokosa nikiwa mtoto, alikuwa anashika fimbo kisha anaiweka chini akicheka, "Sasa mimi nitamchapaje mama yangu?" Kazi hiyo ilimwangukia mama yangu mzazi, naye hakuwa na huruma. "Mama mkwe, hebu njoo uoshe hizi sufuria," alikuwa akiniita, na ole wangu nichelewe. Hata siku wazee wa Embu walipokuja kuniposa, baba aliwaambia, "Mjue mnanichukulia mama." Wakacheka. Yeye hakucheka.

Nyanya huyo nilimkuta akiwa hai. Hakuwahi kwenda shule hata siku moja. Akipeleka kahawa kiwandani, karani alimshika kidole gumba, akakibonyeza kwenye wino kisha kwenye karatasi, na njia nzima ya kurudi nyumbani alikisugua kwa majani mpaka kikawa chekundu. Wino ulimtia aibu. Baba, aliyekuwa amesoma kidogo, alijaribu kumfundisha kuandika jina lake kwa kijiti kwenye vumbi la uani. Akakataa katakata. Alisema mikono yake ni ya jembe.

Sasa tuje kwa mambo ya mtandao. Nilipokuwa Embu nilifanya kazi ya kufundisha wakulima wa ndizi: namna ya kuchimba mashimo, kupanda miche ya maabara, kupunguza machipukizi. Wenzangu wa ofisi wakanisukuma nijiandikishe kwenye ule mtandao wa watu wa kazi, ule ambao kila mtu amevaa koti na anatabasamu kama ameitwa na mkurugenzi. Nikaandika jina la ubatizo na la mume. Wakati huo sikuona ubaya. Vyeti vya mafunzo vikatoka na jina hilo, ripoti zikawa na jina hilo, na mabosi waliponisifu huko mtandaoni walimsifu huyo mama mwenye jina hilo.

Ndoa ikafa. Mradi wa ndizi nao ukaisha. Mwaka jana, nikiwa nakata majani ya ng'ombe, yule mwanamume akanipigia.

"Hiyo jina yangu bado uko nayo huko kwa mtandao," akasema, bila hata kunisalimia. "Watu wanamuuliza mke wangu mpya kama wewe bado ni bibi yangu. Itoe."

Wueh! Nilipandwa na hasira. "Kwani niliiba? Si wewe na wazee wenu mlikuja kwetu kunivisha?" Nikamkatia simu. Nilikata yale majani siku hiyo mpaka ng'ombe akashindwa kuyamaliza.

Lakini nililitoa. Nilikaa chini ya mparachichi, mahali pekee ambapo netiweki inashika, nikalifuta la mume na kuandika la nyanya. Mtandao nao ukajifanya askari. Ukataka picha ya kitambulisho. Ukakataa picha ya kwanza, ukakataa ya pili, eti haionekani vizuri, ya tatu ndiyo ikapita. Dada yangu, ambaye ana duka la nguo pale Makutano, akanicheka kwa simu.

"Wewe una kichwa ngumu. Weka zote mbili. Watu wa ndizi wanakujua na ile ya bwana."

"Nimechoka kuwa mke wa mtu kila nikitafuta kazi."

"Basi utakuwa nyanya," akasema, akacheka tena mpaka mteja wake akauliza kuna nini.

Niliihitaji kazi, hilo niliseme wazi. Baba ameanza kusahau. Anaweka miwani kwenye chungu cha githeri, anawauliza majirani habari za watu tuliowazika. Huwezi kumwacha peke yake na jiko. Kulikuwa na kampuni moja inayonunua ndizi kule Mitunguu, ofisi yake iko Embu, na ilikuwa inatafuta mtu wa kufundisha wakulima. Mitunguu ni kuteremka tu kutoka kwetu. Ningeenda asubuhi, jioni nimerudi, na mchana ningemlipa mama jirani akae na baba. Kazi nyingine zote nilizoziona zilikuwa Nairobi au mbali zaidi, na hizo zilimaanisha kumwacha. Nikaomba hiyo moja, kwa jina la nyanya, nikawa natembea na simu hata chooni.

Siku waliyopiga nilikuwa nimeiacha simu mezani, nikaenda kufungulia ndama aliyejisokota kwenye kamba. Niliporudi nilimkuta baba ameishika simu kwa mikono yote miwili, kwa heshima, kama anavyoshika kitabu cha nyimbo.

"Walikuwa wanamtafuta mama," akaniambia.

"Mama gani, baba?"

"Mama yangu. Wamemtaja kwa jina lake. Nikawaambia alishapumzika, tulimzika hapo chini ya migomba. Wamesikitika sana. Ni watu wazuri."

Sikuelewa. Nilielewa ujumbe ulipoingia: *Tumepokea habari za msiba kwa huzuni. Poleni sana familia. Mungu awatie nguvu.* Chini yake, jina la kampuni ya ndizi.

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikaketi sakafuni, na nikiwa hapo sakafuni nikaona kwamba silii kwa kucheka tena, nalia tu. Baba akaniletea maji kwenye kikombe. "Pole, mama," akasema. Zamani nilijua kwa nini ananiita hivyo. Siku hizi sijui kama ni desturi au ni ugonjwa.

Nilipojipanguza nikapiga ile namba. Akapokea kijana mwenye sauti ya adabu.

"Nani anaongea, tafadhali?"

"Ni marehemu," nikasema.

Nikamweleza yote: baba, nyanya, desturi, migomba. Aliomba msamaha, tena sana, na nafikiri alikuwa anauma midomo asicheke. Lakini jibu lilikuwa lile lile. Walikuwa wamekwisha kumwita mtu mwingine, naye amekubali.

"Na kusema ukweli, madam," akaongeza, "hata kabla ya hiyo simu tulikuwa tumechanganyikiwa. Wale uliofanya nao kazi tuliwauliza, wakasema hawamjui mtu wa jina hilo. Ungetumia lile la zamani, tungekujua mara moja. Lakini miezi michache ijayo tutachukua watu wengine. Jaribu tena. Ila jina, tafadhali, lirekebishe."

Nikamshukuru. Nilikuwa nimechoka hata kukasirika.

Basi jioni ile, jua likiwa bado kwenye migomba, nikatoka na simu mpaka chini ya mparachichi. Nikafungua ule ukurasa. Niliamua kulirudisha la mume. Alipie yeye simu akitaka kugomba, mke wake naye aulizwe na dunia nzima, mimi nina mzee wa kulisha. Nilikuwa nimeshaligusa jina la nyanya, tayari kulifuta, baba alipokuja taratibu akashika bega langu ili asianguke.

"Unafanya nini hapo?"

"Narekebisha jina, baba."

"Jina la nani?"

"Langu."

Akainama. Alikuwa na miwani siku hiyo, kwa bahati. Akaweka kidole juu ya kioo cha simu na kukisogeza polepole chini ya herufi, akitamka moja moja, mpaka jina la mama yake likatimia. Akalirudia kutoka mwanzo. Kisha akaniangalia usoni, na macho yake yalikuwa yamejaa furaha ambayo sijaiona tangu mama yangu mzazi afariki.

"Mama," akasema, "umejifunza lini kuandika?"

Nilitaka kumwambia ni mimi, binti yako, na kwamba jina hilo limeninyima kazi leo hii.

"Juzi tu," nikamjibu.

"Na ulikataa!" Akacheka, akanishika mkono, akakigeuza kidole gumba changu akakiangalia. Kilikuwa safi. Akakipapasa kidogo, akaniambia nimeandika vizuri, halafu akauliza kama chai iko.

Nikaufunga ule ukurasa bila kufuta kitu. Hao mabosi wa zamani nitawapigia mmoja mmoja, niwaambie ni mimi. Nikamshika baba mkono, tukarudi ndani nikawasha jiko.